Mashine ya chapa ilikuwa pale miaka mitatu, mi nikaigusa mara mbili

Naandika hii kwa sababu kuna mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amepata nafasi ya kusoma sanaa chuoni hapa Dar na tangu majibu yatoke simu yangu haipumui, mara anauliza hiki mara kile, nikaona badala ya kumjibu vipande vipande niweke yote sehemu moja na wengine mnaoelekea huko msome. Chuo nilichosoma sikitaji. Walimu wangu wengi nawaheshimu mpaka kesho, halafu makosa mengi nitakayoyasema hapa niliyafanya mwenyewe kwa mikono yangu.

Mi ni mtu wa Korogwe. Nilikuwa yule mtoto ambaye mwalimu wa bailojia akitaka mchoro wa moyo ubaoni anaitwa yeye, kwa hiyo nikaingia chuo nikiwa na kichwa kikubwa kwamba kuchora najua, nimekuja kuchukua cheti tu.

Aliyelipa ada ni baba mdogo. Kabla hajalipa alinikalisha sebuleni akaniuliza, "Hebu niambie mwanangu, Tingatinga alisoma chuo gani?" Sikuwa na jibu. Na kweli, Edward Saidi Tingatinga hakusoma chuo cha sanaa hata siku moja, katoka zake Tunduru akaja Dar akahangaika na kazi za hapa na pale, kwenye mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwenye hadibodi kwa rangi za kung'aa zile za mafundi baiskeli, kazi zikauzwa pale Morogoro Stores Oysterbay, akafa kwa risasi mwaka 1972 na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Baba mdogo akasema sasa kama yule hakusoma mi natoa mamilioni ya nini? Alitoa lakini. Ila lile swali lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni, na jibu lake nilikuja kulipata nimeshachelewa.

Fasti iya, yaani mwaka wa kwanza, kosa la kwanza lilikuwa la hela. Tulipewa orodha ya vifaa, mi na ushamba wangu nikaenda kununua vyote wiki ya kwanza, rangi za tyubu kutoka nje, brashi za bei, karatasi nzito, jumla kama Sh 240,000, ambayo kwangu ilikuwa hela ya kula ya miezi. Karibu nusu ya zile tyubu zilikauka sijazifungua. Wenzangu waliotangulia walikuwa wananunua nyeupe, nyeusi, bluu, njano na nyekundu basi, nyingine wanachanganya, na nyeupe wanachangishana watu watatu kopo moja kubwa kwa sababu nyeupe ndiyo inayoisha. Turubai za kuchorea za dukani hakuna aliyekuwa anagusa, watu wanaenda Kariakoo wananunua merikani ya mita wanaivuta kwenye fremu ya mbao wanayogonga wenyewe, halafu wanaipaka emulsheni nyeupe iliyochanganywa na gundi ya mbao. Haya yote ningeambiwa bure kama ningeuliza. Sikuuliza kwa sababu niliona kuuliza ni kujishusha.

Kosa la pili ndilo lililonigharimu zaidi na halikuwa la hela. Nilikuwa nachorea geto. Studio ya chuo ilikuwa wazi mpaka usiku, kubwa, ina mwanga mzuri, ina stendi za kuchorea, ina watu, mi narudi chumbani kwangu Sinza nafunga mlango nachora kwenye kitanda nikiangalia picha kwenye simu. Nikimaliza ndo napeleka. Sikutaka mtu aone kazi ikiwa mbaya. Sasa kazi karibu zote zinakuwa mbaya katikati, hata za walimu, lakini mi sikujua hilo maana sikuwahi kukaa nikaona kazi ya mtu mwingine ikiwa katikati.

Chuoni kulikuwa na kitu tunakiita kriti, mnabandika kazi ukutani, darasa zima mnasimama, mwalimu anapita moja moja na kila mtu ana ruhusa ya kusema. Kriti ya kwanza ya maana mi nilibandika samaki. Nilimfanyia kazi siku nne, magamba yote nimeyahesabu, macho yanawaka, mwenyewe nimesimama pembeni nasubiri sifa. Mwalimu akasimama pale muda mrefu, akauliza, "Samaki gani huyu?"

Nikasema samaki tu mwalimu.

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Samaki tu hayupo baharini. Huyu ni changu? Kolekole? Tasi? Umemuona wapi?" Nikasema kwenye simu. Akaniangalia akasema kesho nenda Feri halafu akahamia kazi ya jirani. Basi, hiyo ndiyo kriti yangu, dakika mbili, nikatoka pale nikalia kwenye daladala kutoka Mwenge mpaka nashuka, konda ananiuliza dada umefiwa?

Niliona kanidhalilisha na wiki nzima sikwenda kipindi chake. Jumamosi ndo nikaenda Feri, lile soko la samaki, na nilienda kwa hasira, nikamuoneshe kwamba hata huko nikienda samaki ni yuleyule. Nimefika saa kumi na mbili asubuhi mnada umeshachangamka, maji sakafuni, magamba kila mahali, watu wanakimbia na ndoo. Nikafungua kaunta buku langu nikaanza na penseli, dakika tano tu karatasi imelowa penseli haishiki, nikaomba kalamu ya wino kwa dada mmoja aliyekuwa anaandika madeni ya watu. Kuna kaka kabeba tenga kichwani akanipigia kelele, "Dada unachora au unanunua? Kama hununui toka njiani!" Nikasogea nikajibanza kwenye nguzo.

Na pale kwenye nguzo ndipo nilipoona vitu ambavyo simu haikuwahi kunionesha. Changu akitoka kwenye mashua ana uwekundu fulani wa waridi na rangi zinacheza mgongoni, ukimrudia baada ya saa moja juani ule mchezo umekufa amebaki kama amepakwa majivu. Jicho la samaki wa asubuhi hii limevimba na linang'aa, la samaki wa jana limezama lina ukungu. Wanunuzi wote wanaangalia jicho na wanafunua mashavu kuangalia wekundu, hakuna anayehesabu magamba! Mi nilihesabu magamba siku nne. Nilitoka pale na kurasa 11 za michoro mibovu ya kalamu, imelowa na inanuka, mwalimu akaishika akaipindua moja baada ya nyingine akasema tu "Haya, sasa tunaongea." Zile kurasa ninazo mpaka leo.

Kwa hiyo mdogo wangu akiniuliza kriti inauma, namwambia inauma, nenda hivyohivyo na kazi ambayo haijaisha, kwa sababu kazi iliyoisha watu wanaogopa kukusemea ukweli na wewe unaogopa kuibadilisha. Halafu andika wanachosema, usijibu pale pale. Mi nilikuwa najitetea sana, yaani mtu akisema mkono mrefu mi naeleza kwa nini mkono ni mrefu, mpaka watu wakaacha kunisemea, na mwaka wa pili karibu wote nikawa nabandika kazi zinapita kimya. Nilidhani kimya ni kwamba nimeiva, kumbe wamenichoka.

Mwaka wa pili huo huo nikapata sapu, yaani kurudia mtihani, ya historia ya sanaa. Hilo somo nililidharau, nikisema mi nimekuja kuchora sijaja kukariri miaka, nikawa naishi kwa madesa ya wenzangu, usiku wa kuamkia mtihani ndo nasoma. Mwalimu wa historia alikuwa mzee mpole anaongea polepole watu wanasinzia, lakini ndiye aliyetuambia habari za Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere halafu akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, akarudi akafundisha, akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza na bado anachora migomba na watu wa kwao wakilima. Ndiye aliyetuambia habari za Elimo Njau wa Marangu aliyefungua kituo cha sanaa cha Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965. Na George Lilanga, ambaye alianza Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii hapa Dar, akiwa mlinzi wa usiku kabla kazi zake hazijazunguka dunia. Mi hayo yote nilikuwa nayasikia kwa sikio la kusinzia.

Bei yake nililipa miaka miwili baada ya kumaliza. Niliomba nafasi ya kwenda kukaa na wasanii wa nje miezi miwili, fomu ikauliza kazi yako inaongea na kazi za nani katika historia ya huku kwenu. Swali jepesi kabisa. Nikakaa mbele ya kompyuta masaa matatu sina hata sentensi moja, nikaandika maneno ya jumla jumla kuhusu utamaduni, nikakosa. Sidai nilikosa kwa sababu hiyo peke yake, ila najua nilichokiandika kilikuwa aibu. Sasa hivi nikisoma habari za Ntiro naona kabisa kwa nini wale wavuvi wangu nawachora kwa mbali wakiwa kundi badala ya sura moja moja, yaani jibu lilikuwepo darasani nami nimelala.

Fildi nayo. Tulitakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo wiki nane, wenzangu wakapata sehemu za kifahari, mi nikaangukia kwa jamaa anayetengeneza mabango na stika za magari huko Kariakoo. Niliona nimetukanwa. Msanii mzima nakata stika za "Mungu ni Mwema"! Lakini leo ukiniuliza ni wiki gani za chuo zimenilisha, ni zile nane. Yule bosi alinifundisha kompyuta ya kudizaini kuliko kipindi chochote, na kikubwa zaidi alinifundisha kupanga bei. Alikuwa anaandika kwenye kikaratasi kila kitu, bodaboda, umeme, chakula cha kijana, mpaka kitambaa cha kufutia, ndo anaweka faida juu. Mi kabla ya hapo nilipiga tenda ya kuchora ukuta wa shule ya chekechea kwa Sh 150,000 nikajiona tajiri, rangi peke yake ikala 96,000, nauli na maji na kijana wa kunishikia ngazi vikala nyingine, siku nne kwenye jua nikabaki na kama elfu 20. Ukipewa kazi ya ukuta pima ukuta kwanza, hesabu makopo, omba nusu mbele kabla hujafungua brashi. Akisema atakulipa ukimaliza, mwambie na fundi rangi wa nyumba yake alimlipa hivyo?

Sasa nifike kwenye mashine. Kwenye chumba cha mwisho cha korido kulikuwa na mashine ya chapa, chuma zito lina gurudumu kubwa kama usukani wa meli, na blanketi nene za sufu. Unachonga ubao, unaupaka wino, unaweka karatasi juu, unafunika blanketi, unazungusha gurudumu, roli linapita linakandamiza, unanyanyua karatasi taratibu na picha ipo. Nusu dakika. Ukitaka nyingine unapaka wino tena. Tulifanya zoezi moja mwaka wa kwanza na moja wa pili kwa ajili ya maksi, mi sikurudi tena. Muda wote mashine imefunikwa turubai na mlango umefungwa, ufunguo anao fundi wa chuo, mzee fulani mkimya wa koti la bluu tuliyekuwa tunamuita Mzee wa Funguo. Nilikuwa nampita asubuhi shikamoo, marahaba, basi. Jina lake sikuwahi kuuliza.

Mwaka wa tatu mwishoni nilikuwa namtafuta mwalimu nikakuta mlango uko wazi na yule mzee yuko ndani peke yake anachapa. Anachapa kazi zake! Mitumbwi midogo midogo kwenye plaiwudi, mistari imetulia, nikasimama mlangoni na mdomo wazi. Akaniita ndani. Patasi zake katengeneza mwenyewe kwa vijiti vya mwavuli uliokufa, anavikata anavinoa ncha kwenye jiwe anachomeka kwenye mpini wa mti, maana kile kijiti kina mfereji tayari, kinachimba mbao kama kijiko. Wino anapata kwa marafiki zake wa viwanda vya uchapaji, mabaki ya kopo. Nikamuuliza mzee miaka yote hii mbona hujatufundisha, akasema, "Nyie mlikuja kuomba ufunguo lini?"

Zilikuwa zimebaki wiki tano nimalize chuo. Katika hizo wiki tano nilikuwa nampelekea chai na chapati kila siku saa nne, ananiachia nichonge pembeni, na nilijifunza vitu vingi kuliko semista mbili zilizotangulia. Mashine lakini sikuipata, ilikuwa imepangiwa watu wa mradi wa mwisho ambao waliomba mapema kama inavyotakiwa.

Umuhimu wake niliujua mtaani. Mchoro wa rangi wa Sh 400,000 mteja wake namuona labda mara mbili kwa mwaka, na mara nyingine mwaka unapita hola. Lakini chapa moja naweza kuitoa nakala 20, kila moja naiandikia namba na sahihi, nauza elfu 40, na hiyo elfu 40 mwalimu anaweza, nesi anaweza, kijana anayehamia chumba chake cha kwanza anaweza. Chapa ndiyo inayolipa kodi yangu ya nyumba. Ninavyochapa sasa? Kwa kijiko. Nachukua kijiko cha chakula, nasugua mgongo wa karatasi kwa duara ndogo ndogo, karatasi ya A3 moja inanila dakika 40 na bega linawaka moto, nakala 20 ni siku mbili nzima. Nusu dakika, dakika 40. Kila nikishika kile kijiko naiona ile mashine chini ya turubai.

Kumaliza chuo kwenyewe hakukuwa na raha niliyoitegemea. Baada ya maonesho ya mwisho tuliambiwa kila mtu aondoe kazi zake ndani ya siku tatu kuta zipakwe rangi upya. Nilikuwa na turubai 14, geto halitoshi, nikazipeleka Mbagala kwa ndugu zikawekwa stoo, zimeegemezwa ukutani chini sakafuni. Mvua za masika zilipokwisha nikaenda kuzichukua, mchwa wamekula 6, wamepanda kupitia fremu, ukigusa zinabomoka kama biskuti. Kati ya hizo 6 picha nilikuwa nimepiga 2 tu, tena usiku na flashi, zinang'aa katikati kama sahani. Kwa hiyo karibu nusu ya kazi zangu za miaka mitatu siwezi hata kumuonesha mtu. Tafadhali, kila kazi ikikauka itoe nje kivulini, saa tatu asubuhi au jioni jua likipoa, iegemeze ukutani, simama katikati yake simu isiwe imeinama, piga bila flashi, halafu nyuma ya kazi andika jina, mwaka, vipimo na ulichotumia. Ihifadhi sehemu mbili, simu ikiibiwa na kazi zako zisiende nayo. Na stoo usiweke kitu sakafuni, weka juu ya matofali.

Kuna aibu nyingine ya kiufundi. Mteja wangu wa kwanza wa hela ya maana, Sh 180,000, alinirudishia mchoro baada ya miezi kama minane, rangi inabanduka vipande. Nilikuwa nimeanza na rangi ya mafuta, nikaona inachelewa kukauka na unyevu huu wa Dar na yeye ananihimiza, nikamalizia na akriliki juu. Mafuta juu ya akriliki iliyokauka sawa, akriliki juu ya mafuta haishiki, hilo tulifundishwa kabisa darasani mwaka wa kwanza, nina uhakika kwa sababu nimelikuta kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu. Nilirudisha hela yote. Kwa awamu tatu, maana nilikuwa nimeshaila.

Halafu mali kauli, yaani duka linachukua kazi yako sasa, hela unapewa ikishauzwa. Duka moja la zawadi lilichukua kazi zangu 5 kwa mali kauli, wao wanakata asilimia 40, maandishi hakuna, tumeongea tu kwa tabasamu. Miezi minne baadaye naenda nakuta pamekuwa duka la simu. Namba haipatikani. Siku hizi kazi haitoki mkononi kwangu bila karatasi mbili zenye orodha, bei, asilimia, tarehe ya kurudisha na sahihi za pande zote, na mtu akikasirika kwa sababu umemuomba asaini basi shukuru umejua mapema. Hata fomu ya kurasa mbili haihitajiki, karatasi ya daftari inatosha.

Nilikaa karibu mwaka sichori. Nilikuwa naamka sina kriti, sina wa kuniuliza samaki gani huyu, geto lile lile nililokuwa nalikimbilia sasa ndo lilikuwa linanikaba. Kilichonitoa ni mshkaji wa darasani aliyeniburuta kwenda Nafasi, kile kituo cha wasanii pale Mikocheni, kwenye studio za makontena, nikakuta watu wamekaa kila mtu na kazi yake haijaisha wanasemeana. Nilikaa pembeni nikasikiliza, nikasikia harufu ya rangi, nikajua nilichokuwa nimekikosa. Darasani kwetu tulikuwa 17. Leo wanaoniletea kazi, wanaonikopesha rangi, wanaoniambia kuna nafasi imetangazwa, wote wametoka kwenye wale 17, na wale niliokuwa najitetea kwao ndio nilianza kuwatafuta mmoja mmoja kuomba radhi kwa njia ya kuzunguka, unajua tena, unampigia mtu unamwambia nina mchoro hapa njoo uuseme.

Ndipo nikaelewa swali la baba mdogo. Tingatinga alichora miaka minne hivi basi, lakini hakuchora chumbani kamfungia mtu mlango. Alikaa na ndugu zake na vijana wake, wanaona mkono wake unavyokwenda, wanamsaidia, wanajaribu wenyewe, na alipokufa wale ndio waliobeba mpaka ikawa chama na mpaka leo watu wako Oysterbay wamekaa chini wanapaka. Chuo alikuwa nacho. Mi ndiye niliyelipiwa ada nikaenda kukaa peke yangu. Nilimwambia hivyo baba mdogo Idi iliyopita, akatafuna tende yake akasema, "Kwa hiyo hela yangu ililipa kitanda."

Mdogo wangu jana kapiga tena. Anataka kujua anunue rangi za kampuni gani kabla chuo hakijafungua mwezi wa kumi. Nikamwambia asinunue kitu, abebe kaunta buku na kalamu ya wino, na siku ya kwanza akifika aulize ufunguo wa chumba cha chapa anao nani, amjue na jina, ajue anakunywa chai saa ngapi.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, mi nimeuliza rangi."

Nikamwambia ufunguo kwanza, rangi tutaongea, salio linaisha.